Vitu vya kumpunguzia mtoto makali ya dawa za lukemia: vilivyotufaa sisi, na vya kuacha dukani

Naandika hii kwa wazazi na walezi ambao mtoto wao ndo kwanza ameanza dawa za lukemia, yani saratani ya damu. Nimeulizwa mara nyingi ninunue nini, niweke nini kwenye begi la hospitali, hiyo krimu ya ganzi inafanya kazi kweli au ni maneno ya wauzaji tu, basi nimeona niviweke vyote mahali pamoja. Mwanangu alipata ile aina inayoitwa ALL, ambayo ndo saratani inayowapata watoto wengi kuliko nyingine zote, na matibabu yake yanaenda miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo ukinunua kitu kibovu utakaa nacho sana. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: vitu vilivyotusaidia kweli ni vile vinavyoanza kazi kabla madhara hayajafika. Kile unachokikimbilia mtoto akiwa ameshaumia huwa kimechelewa, hata kiwe kizuri namna gani. Na dozi sitaji hapa, dozi ni ya dokta wenu, inapangwa kwa uzito na ukubwa wa mwili wa mtoto na awamu aliyopo.

Naanza na themomita maana hakuna kifaa kidogo chenye kazi kubwa kama hicho. Kemo, yani hizo dawa za lukemia, inaua seli za saratani lakini inazishusha pia chembe nyeupe za damu, hasa zile zinaitwa nyutrofili, zikienda chini ya 500 kwa kila mikrolita moja ya damu mtoto anakuwa hana ulinzi, bakteria ambao wewe hata usingejua wamepita wanaweza kumlaza ICU ndani ya masaa machache. Na kinachotisha zaidi ni kwamba dalili zinajificha, maana usaha na uvimbe vinatengenezwa na hizo hizo chembe ambazo hazipo, kwa hiyo kidonda kinaweza kuwa kimeingia wadudu na kwa macho hakionyeshi kitu. Inabaki homa. Mara nyingi homa ndo dalili ya kwanza na ndo hiyo hiyo pekee utakayoipata.

Tulianza na ile ya kuelekeza kwenye paji la uso, ya duka moja la dawa ambalo silitaji, na sikuipenda hata kidogo, ukipima mara mbili mfululizo inakupa namba mbili tofauti, mtoto akiwa ametoka jasho inashuka, akitoka juani inapanda. Kwa mtoto mzima ambaye hana shida sawa, ila kwa mtoto ambaye nusu digrii ndo inaamua kama mnaondoka usiku kwenda hospitali au mnalala, hapana. Nyota moja. Ya sikio ni nzuri kidogo lakini nta ya sikio inaichanganya, na kwa mtoto mdogo tundu lenyewe ni jembamba. Tuliyobaki nayo ni ile ya dijitali ya kawaida kabisa yenye ncha laini, unaiweka kwapani pakiwa pakavu, unambana mkono mpaka ilie, basi. Hii nyota tano bila kusita. Nunua mbili, moja ikae kwenye begi, na betri za akiba. Kwapani panasoma chini kidogo kuliko mdomoni au sikioni kwa hiyo waulize kliniki wao wanataka upime wapi ili wote mzungumzie namba moja. Ila njia ya haja kubwa kamwe, iwe themomita iwe dawa ya kupachika, pale ngozi ni laini sana na ukikwaruza kidogo tu umewafungulia bakteria mlango wa kuingia kwenye damu.

Hospitali nyingi zinatumia 38 au 38.5 kama namba ya kupiga simu na kuondoka, nyingine wanasema 38 ikikaa saa nzima au 38.3 hata mara moja. Jueni ya kwenu, iandikeni ukutani. Na parasetamoli usimpe kabla hujapima na kabla hujaongea na wodi kwa sababu inashusha namba tu, maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Mkifika, lengo linalotumika sehemu nyingi ni antibayotiki ya mshipani iingie ndani ya dakika 60, msikae kwenye benchi mkisubiri jina liitwe, sema wazi kabisa mtoto wangu yuko kwenye kemo na ana homa. Kuna jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha, wakati wa steroidi, dawa kama deksamethasoni ambazo nazo zimo kwenye matibabu, homa inaweza isipande kabisa wakati mtoto anaumwa sana, kwa hiyo mtoto aliyelegea, baridi mikononi, anapumua haraka, rangi imebadilika, huyo mpeleke hata kama themomita inasema 36.8.

Sasa poti. Hiki ni kikopo kidogo kinawekwa chini ya ngozi kifuani, kina mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, kinawekwa na daktari wa upasuaji mtoto akiwa kwenye nusu kaputi. Mwanzoni baba yake alikuwa hataki, alisema mtoto ameshachomwa ya kutosha mnataka tena kumpasua, na mimi nilimwelewa. Ila angalia dawa zenyewe, vinkristini na daunorubisini zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama mpaka inakufa, na mishipa ya mkono wa mtoto mdogo ni ile ambayo nesi anatafuta anakosa anahamia mkono mwingine. Na poti dawa inaingia kwenye mshipa wenye damu nyingi inayokwenda kasi, damu ya vipimo inatoka hapo hapo, na sindano ikishatolewa anaoga, anacheza, hakuna bomba linaloning'inia nje. Kwetu hicho kimepunguza mateso kuliko kitu kingine chochote chenye kuhusu sindano.

Kasoro zake zipo na ni za kweli. Inaweza kuingia maambukizi, inaweza kuziba au kutengeneza damu iliyoganda, hasa kipindi cha asparajinasi, dawa nyingine ya kemo ambayo yenyewe inavuruga mfumo wa kugandisha damu, ndo maana vituo vingine wanasubiri wiki za kwanza zipite kwanza. Hata isipotumika inatakiwa isafishwe, sehemu nyingi ni kila wiki nne hivi. Na dalili ya kuishika kichwani: mtoto akitetemeka kwa baridi muda mfupi baada ya poti kusafishwa au kuwekewa dripu, hiyo ni poti yenye bakteria mpaka ithibitike vingine, usiondoke hospitali, na kama mmeshafika nyumbani rudini. Nyota nne na nusu.

Na poti bila krimu ya ganzi ni nusu ya kazi. Tuliyotumia ni EMLA, ndani ina lidokaini na prilokaini, unaweka tone nene juu ya poti, usiisugue iingie, unaifunika na plastiki yake inayonata, unaiacha walau dakika 60. Hapo ndo watu wengi wanapoharibu halafu wanasema krimu haifanyi kazi, wanaipaka wakiwa tayari kwenye foleni, dakika kumi mtoto anaitwa, anachomwa, analia, krimu inalaumiwa. Sisi tunaipaka nyumbani kabla ya kutoka, halafu naandika saa juu ya plastiki yenyewe kwa kalamu ya wino, saa mbili na robo, basi nesi akifungua anaona muda bila kuniuliza. Kingo za plastiki nazikunja kidogo kwa ndani kabla ya kubandika ili kubandua kusiume, maana kwa mwanangu kubandua plastiki kulikuwa na kilio kuliko sindano. Ngozi ikiwa nyeupe nyeupe hapo ulipopaka usiogope, ni krimu imebana mishipa midogo. Kwa sababu hiyo hiyo kwenye mkono inaweza kufanya mshipa usionekane vizuri, kuna jeli nyingine ya tetrakaini ambayo haina shida hiyo na inawahi zaidi, ulizia kama mnachomwa mkononi. Kifuani EMLA nyota tano. Inatuliza na zile sindano za uti wa mgongo pia, za kuzuia lukemia isijifiche kwenye ubongo, kama hospitali yenu haitoi nusu kaputi kwa kazi hiyo, japo mimi ningesimama nidai dawa ya usingizi, mtoto asishikiliwe kwa nguvu miaka miwili.

Tukija kwenye choo nitakaa kidogo, nisameheni, lakini hili ndo lililomtesa mwanangu kuliko hata kutapika na hakuna aliyelitilia mkazo siku za mwanzo. Vinkristini inagusa mishipa ya fahamu, na utumbo unaendeshwa na mishipa ya fahamu, kwa hiyo ndani ya wiki moja hivi baada ya sindano utumbo unapunguza mwendo, choo kinakaa, kinakauka, kinakuwa kigumu. Ongeza ondansetroni ya kuzuia kutapika, nayo inafunga choo, ongeza mtoto hali vizuri na hachezi. Kisha akijikamua ngozi inachanika, na mchaniko pale wakati nyutrofili hakuna ni njia ya maambukizi, unaona yanavyoshikana. Ukisubiri mpaka siku ya tatu hajaenda ndo uanze dawa, dawa yenyewe inakuwa ngumu kufanya kazi na mtoto anagalagala.

Kilichofanya kazi ni kuanza dawa ya kulainisha siku ile ile ya vinkristini, dokta wetu alikubali kuandika hivyo kwenye ratiba na tangu hapo hali ilibadilika kabisa. Kuna mbili za kawaida. Laktulosi ni sharubati tamu sana, wengine wanaipenda, wengine utamu unawatibua, na inaleta gesi, tumbo linajaa linanguruma. Makrogoli ni unga, unauchanganya na maji, hauna ladha ya kutaja, shida yake ni maji mengi, mtoto mwenye kichefuchefu kumalizia kikombe kizima ni mazungumzo marefu. Sisi tuliigawa, anakunywa kidogo kidogo asubuhi yote kwa mrija. Makrogoli nyota tano, laktulosi nyota tatu na ni kwa ajili ya tumbo la mwanangu, lako linaweza kuwa tofauti. Kuingiza maji kwa nyuma au dawa ya kupachika hapana, nimeshasema kwa nini. Na msichukulie kila tumbo kuwa ni choo: maumivu makali pamoja na homa wakati chembe nyeupe ziko chini inaweza kuwa utumbo wenyewe umevimba kwa maambukizi, na maumivu ya juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni na kutapika baada ya asparajinasi inaweza kuwa kongosho limevimba. Zote mbili ni hospitali leo leo.

Hiyo hiyo vinkristini inashuka mpaka miguuni. Utaona mtoto anajikwaa kwa vidole, anaburuza mguu, ngazi alizokuwa anapanda anakimbia sasa anaomba abebwe, mwingine anasema taya linauma wakati wa kutafuna. Jaribio tulilofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia ni rahisi, mwambie atembee kwa visigino peke yake, akishindwa kunyanyua vidole, wataarifu. Mazoezi ya kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku, hayanunuliwi, na nayapa nyota kuliko kile kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, japo kifaa nacho kina kazi yake mguu ukishaanza kudondoka. Kipimwe na mtaalamu kwenye mguu wake, si cha kununua saizi ya kukisia, kilichombana mwanangu mwanzoni kilimwachia alama nyekundu kwenye kisigino na ngozi ya mtoto wa kemo haiponi haraka. Halafu hili ni la kumkumbusha kila dokta mpya mnayekutana naye: dawa za fangasi za kundi la itrakonazoli, vorikonazoli na posakonazoli zinazuia ini lisiivunje vinkristini, inabaki mwilini muda mrefu na madhara yanakuwa makubwa mno. Wakitaka kumpa, uliza tu, mnajua yuko kwenye vinkristini?

Mdomo nao. Vidonda vya mdomoni vinakuja zaidi na methotreksati, nayo ni dawa ya kemo, hasa ile dozi kubwa ya dripu. Nilinunua maji ya kusukutua ya dukani yenye pombe ndani, hayafai, yanaunguza. Kinachofaa ni mswaki laini kabisa wa mtoto, ubadilishwe mara kwa mara, na maji yenye chumvi na magadi ya kuokea kwa kipimo mlichopewa na wodi, kila baada ya kula na kabla ya kulala, kuanzia kabla kidonda cha kwanza hakijatokea. Kuna vituo vina mwanga mwekundu wa leza hafifu, wanaumulika ndani ya mdomo, hauumi wala hauunguzi, miongozo inaupendekeza zaidi kwa wanaopandikizwa uboho lakini kama hospitali yenu wanao, uliza. Meno yakaguliwe mapema, jino bovu ni chanzo cha homa baadaye.

Ila kinachookoa mdomo, figo na ini kwa ile methotreksati kubwa siyo kitu cha duka, ni leukovorini. Inaanza kama masaa 36 hadi 42 baada ya dripu ya methotreksati kuanza na inaokoa seli zisizo na ugonjwa, pamoja na maji mengi ya mshipani na dawa ya kufanya mkojo usiwe na asidi ili methotreksati isigande kwenye figo, na wanapima kiwango chake kwenye damu mpaka ishuke. Leukovorini ina saa yake. Mimi naweka alamu ya simu, ikilia na nesi hajaja nakwenda mezani kwao kuuliza kwa heshima, dada samahani saa ya mtoto imefika. Hawajawahi kukasirika. Ibuprofeni na wenzake wasimkaribie kipindi hicho, wanazuia methotreksati kutoka kwenye figo.

Kutapika nitapita haraka kwa sababu dawa za siku hizi ni nzuri, ondansetroni kama nusu saa kabla kemo haijaanza na siyo baada ya kutapika, ya kuyeyuka kwenye ulimi ni bora kwa mtoto anayekataa vidonge. Nyota tano, toa nusu kwa ajili ya choo. Na mkojo mwekundu siku ya daunorubisini ni rangi ya dawa, isiwashtue, kama unaendelea au kuna maumivu hapo ndo useme.

Wiki za deksamethasoni hakuna cha kununua. Mtoto wako atakuwa na njaa saa nane usiku, atalia kwa kitu ambacho jana hakikumgusa, atakasirika na wewe kuliko na mtu mwingine yeyote, na si tabia yake, ni dawa. Tuliomba dozi ya pili isogezwe mchana badala ya jioni, dokta akakubali, usingizi ukawa afadhali. Tulipunguza chumvi kwa sababu ya presha. Akianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa kila saa wapimeni sukari. Kwa watoto waliokwisha fika miaka 10 na kuendelea, maumivu ya nyonga au goti yasipuuzwe kuwa ni ya kukua, steroidi zinaweza kukata damu kwenye mfupa na mfupa ukafa, na ukijulikana mapema kuna cha kufanya. Walimu na babu na bibi waambiwe mapema tarehe za wiki hizo ili wasimgombeze.

Sasa virutubisho, yani chupa za kuongeza damu, kuongeza kinga, kusafisha ini. Kila anayekutembelea atakuja na moja na anakuja kwa upendo. Nyota sifuri, na nasema hivi nikiwa na sababu: nyingi zina asidi ya foliki ndani, na methotreksati inafanya kazi kwa kuzuia foliki hiyo hiyo, kwa hiyo unaweza kuwa unailisha seli unayojaribu kuiua. Dawa za mitishamba nyingine zinaingiliana na ini linavyovunja kemo. Shukuru, pokea, weka kabatini, mpelekee dokta au mfamasia asome lebo. Kinga ya kweli kwa mtoto huyu iko kwingine kabisa. Septrini ya siku mbili au tatu kwa wiki, ambayo inazuia ile nimonia ya Pneumocystis, ndugu wa nyumbani kuchanjwa chanjo zao zote, kunawa mikono, na simu ya haraka kwa wodi kama amekaa na mtoto mwenye surua au tetekuwanga hata kabla hajaonyesha upele, kwa sababu kingamwili za kumkinga zinatolewa ndani ya siku chache tu tangu akutane naye. Chanjo zenye vimelea hai yeye mwenyewe hapewi kipindi cha kemo.

Nisiache hili, maana kuna wazazi wanadhani kupunguza madhara ni kazi ya krimu na sharubati tu. Upunguzaji mkubwa umefanyika kwenye ratiba yenyewe ya matibabu. Zamani watoto wengi walikuwa wanapigwa mionzi ya kichwa kuzuia lukemia isijifiche kwenye ubongo, na waliopona walibaki na shida za kujifunza, za homoni, wengine uvimbe wa ubongo miaka baadaye. Mwaka 2009 hospitali ya St. Jude ya Memphis, Marekani, ilichapisha matokeo ya watoto 498 ambao hakuna aliyepewa mionzi hiyo ya kinga, dawa za uti wa mgongo zikafanya kazi badala yake, na zaidi ya 90% walikuwa hai baada ya miaka 5. Uingereza nao walionyesha mwaka 2013 kwamba watoto ambao uboho wao umesafika mapema wanaweza kupunguziwa awamu moja nzito bila kuharibu matokeo. Na mwaka 2021 kikundi cha Marekani kikaonyesha kwamba kwa watoto wenye hatari ya wastani ya lukemia kurudi, kwenye mentenansi, ile awamu ndefu ya mwisho, vinkristini na steroidi kila wiki 12 haikuwa mbaya kuliko kila wiki 4. Fikiria hiyo ni vinkristini ngapi zimepungua, choo ngapi, usiku ngapi za njaa. Kwa hiyo swali la kuuliza dokta, na ni haki yako, ni hili: mtoto wangu yuko kundi gani la hatari, na kipimo cha mabaki ya lukemia kwenye uboho mwisho wa awamu ya kwanza kimesemaje? Usijipunguzie mwenyewe hata kidonge kimoja, hayo yalipunguzwa kwa majaribio yenye maelfu ya watoto, lakini uliza.

Uliza pia kabla ya merkaptopurini, kemo ya kunywa ya kila siku, kama kuna kipimo cha jeni za TPMT na NUDT15. Kuna watoto ambao mwili wao hauivunji dawa hiyo vizuri, dozi ya kawaida inawaangusha damu yote, na wakijulikana mapema wanapewa ndogo tangu siku ya kwanza. Hicho ni kipimo kimoja cha maisha, hakirudiwi.

Na kwa mentenansi, ambayo ndo ndefu kuliko zote na nyumbani ndo kwenye kazi, kilichotuokoa ni kile kisanduku cha dawa chenye vyumba saba. Merkaptopurini ni kila siku, saa ile ile, na utafiti umeonyesha watoto wanaoruka ruka dozi lukemia inawarudia zaidi, kwa hiyo chumba kikiwa bado kimejaa asubuhi unaona kwa macho, hamna kubishana nani alimpa. Methotreksati ya vidonge ni mara moja kwa wiki. Siyo kila siku. Watu wamekufa duniani kwa kuichanganya hiyo moja, kwa hiyo chumba cha siku hiyo nimekibandika utepe mwekundu, na chupa yake inakaa mbali na nyingine, na aliyempa anaweka alama kwenye kalenda pale pale. Vidonge tunashika kwa glavu, akiwepo mjamzito nyumbani asivishike kabisa. Kwa kidonge cha kugawa, kikatwe na duka la dawa au kliniki, au wakupe ya maji, kisu cha jikoni kinarusha unga wa kemo mezani. Kisanduku nyota nne, ile ya tano nimeinyima kwa sababu vifuniko vyake mtoto wa miaka mitatu anavifungua bila shida, kwa hiyo kiweke juu kabisa ya kabati lenye ufunguo.